Chunya: mji ulioishi kwa mabaki ya dhahabu yake (uzi wa historia ya Lupa)

Mto_Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, Chunya ikitajwa tu, mtu wa kwanza ataandika "Mjerumani alizika mali kule". Tuanze kwa kuliondoa hilo. Habari za dhahabu ya Lupa, yaani Chunya na pande zake, zilikuwepo tangu enzi za Mjerumani, lakini mgodi wake wa maana ulikuwa Sekenke, Iramba. Dhahabu ya Sekenke iligunduliwa 1907 na kuanza kuchimbwa 1909. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza vimembana na sarafu zimemwishia, dhahabu ya huko ikagongwa kuwa sarafu za rupia 15 zenye tembo kwenye karakana ya reli ya Tabora. Chunya ni habari ya wakati wa Mwingereza. Rashi, yaani mbio za watu kukimbilia dhahabu, ilianza 1922 na kupamba moto miaka ya 1930. Kwa hiyo machuma yenye kutu yaliyotapakaa porini kule karibu yote ni ya baada ya vita ile, na anayechimba usiku akitafuta "alama za Mjerumani" anatafuta kitabu kwenye duka la viatu.

Hoja yangu kwenye uzi huu: Chunya imefufuka mara kadhaa, na karibu kila mara imefufukia kwenye kile ambacho waliotangulia walishindwa kukitoa. Ukilishika hilo, historia yote inajipanga.

Kwanza mahali penyewe. Kutoka Mbeya ni kilomita 72 kwa barabara. Unaipanda safu ya milima ya Mbeya kwenye baridi na ukungu, kisha unashukia kaskazini kwenye miombo na joto. Mito ya kule, Lupa na Luika ikiwemo, inaelekea Ziwa Rukwa, na mingi hubaki mchanga mtupu kiangazi kikikolea. Mvua ni kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Shikeni hapo pa maji, maana ndipo mambo mengi yalipoamuliwa.

Mwamba mama ni mikanda ya kwatzi (jiwe gumu jeupe) iliyopenya kwenye granaiti yenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Mvua za zama na zama zikaumomonyoa, dhahabu ikashuka mabondeni. Uzito wake ni kama mara 19 ya maji, mchanga wa kawaida ni mara 2.65, kwa hiyo dhahabu huzama mpaka chini kabisa ya kokoto, kwenye nyufa za mwamba na upande wa ndani wa kona za mto. Wachimbaji wa mwanzo hawakuhitaji mashine. Waliondoa udongo wa juu mpaka kwenye kokoto, kisha wakakwangua sentimita za mwisho zilizolala juu ya mwamba na kuzipitisha kwenye mfereji wa mbao wenye vizuizi.

Masika kazi ilikwenda. Kiangazi waliosha kwa upepo: chekecheo juu, chini yake trei ya kitambaa iliyoinama yenye vijiti, na mvukuto unaopuliza kutoka chini. Vumbi hupeperuka, mchanga huteleza, dhahabu hubaki nyuma ya vijiti. Sharti lake ni kokoto kavu kabisa. Zikiwa na unyevu kidogo tu, udongo hushikana vidonge na vidonge huondoka na chembe. Na hata zikiwa kavu, dhahabu laini kama unga hupeperuka na vumbi. Ndiyo maana chungu za kokoto za miaka ile zilikuja kuoshwa tena na tena na watu wa baadaye.

---

Jiwe_la_Bluu

Umeanza vizuri mkuu. Naongezea upande wa mwamba, maana dhahabu ya mchanga isingeweza kuushikilia mji peke yake.

Mchanga ulipopungua, watu waliufuata juu, wakipima karai kwa karai wakipanda bonde mpaka alama zinapokatika. Zinapokatika ndipo mkanda ulipo, kando au juu kidogo. Mbinu hiyo bado inatumika leo bila kubadilika. Kosa lake la kawaida ni kuchukua sampuli katikati ya mto tu. Kijito kidogo cha pembeni ndicho kinachoingiza dhahabu, ukikiruka unapanda mlima usio wake.

Kusaga mawe kulifanywa na mashine za kutwanga. Fikirieni michi ya chuma mitano kwenye fremu moja, kila mmoja una uzito wa kilo 450 hivi au zaidi, inainuliwa na mhimili na kuachiwa idondoke. Unga na maji hupita kwenye wavu, kisha juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki, dhahabu hunasa, na bamba hukwanguliwa. Injini za mvuke zilitaka kuni mfululizo, na miombo ya karibu na mitambo ndiyo iliyolipa.

Sasa tatizo ambalo wengi hawalielewi mpaka leo. Mkanda una sehemu mbili. Juu, ambako hewa na maji ya mvua yamefika, mwamba umeoza, una rangi ya kutu, na dhahabu iko huru. Hiyo hukubali karai, hukubali zebaki. Ukifika usawa wa maji ya ardhini mwamba unakuwa mgumu, wa kijivu au bluu, unametameta kwa pairaiti, madini ya chuma na salfa. Hapo dhahabu nyingi imefungwa ndani ya pairaiti au imeshikana nayo. Zebaki haiigusi isiyoachwa wazi, na salfaidi (madini yenye salfa kama pairaiti) huichafua zebaki yenyewe ikagawanyika vitone vidogo vinavyokwenda na maji. Mtu anapima jiwe maabara anaambiwa gramu 10 kwa tani, anasaga, anapata gramu 3, anadai amelogwa au ameibiwa. Hajalogwa. Amevuka mstari wa maji.

Wachimbaji wadogo wengi wa Lupa walikwama kwenye mstari huo. Waliovuka ni wenye mtaji wa sayanaidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu. New Saza, iliyofanya kazi 1939 hadi 1956, ndiyo iliyokuwa mgodi mkubwa kuliko yote ya Lupa, na kitaifa ilikuwa ya pili nyuma ya Geita.

---

Karani_wa_Mizani

Mbona hamgusi bei? Bila bei hii historia haina injini.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na shilingi ya Kiingereza, 20 kwa pauni. Kabla ya Septemba 1931 aunsi ya dhahabu safi (gramu 31.1) ililipwa kama shilingi 85, bei iliyofungwa kisheria. Uingereza ikaacha kuifunga pauni kwa dhahabu mwezi huo, na Marekani ikapandisha bei yake kutoka dola 20.67 hadi 35 mwanzoni mwa 1934. Kufikia katikati ya muongo ule aunsi ilikuwa karibu shilingi 140, na vita vilipoanza 1939 ikafungwa kwenye 168. Yaani jiwe lile lile, mshahara uleule wa kibarua, lakini malipo yameongezeka maradufu ndani ya miaka minane. Na haya yalitokea wakati bei za mazao zimeanguka duniani kote. Msishangae kwamba miaka ya 1930 ndiyo ya neema kwa Lupa.

Kufa kwake kunaelezwa na jambo hilohilo, upande wa pili. Baada ya vita dola 35 haikusogea mpaka 1971. Pauni iliposhushwa thamani 1949 aunsi ikafika shilingi 250 hivi, ikawapa wachimbaji pumzi kidogo, lakini mafuta, vyuma, baruti na mishahara viliendelea kupanda na bei ya kuuzia imefungwa. Mgodi wa aina hiyo hauishiwi dhahabu. Unaishiwa dhahabu inayolipa. Saza ikafunga 1956, Geita ikafuata 1966.

Kwa hiyo mtu akikuambia "Wazungu waliondoka ghafla, dhahabu bado ipo chini", sehemu ya pili ni kweli. Ghafla ndiyo si kweli.

---

Binti_Kawetere

Wakuu, swali dogo. Nchi yenyewe kavu, maelfu ya vibarua. Chakula kilitoka wapi?

---

Mto_Mkavu

Swali zuri dada. Kilitoka nje, na hiyo ndiyo athari kubwa ya Lupa kwa mkoa mzima. Mwajiri alitakiwa atoe posho, na posho ni unga, maharage, chumvi. Miinuko ya Rungwe na tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa ndiko kulikokuwa na ziada: ndizi, mahindi, maharage, na mchele wa Kyela. Vijana wa Kinyakyusa, Kindali na wengine wa kusini walipanda kwenda kufanya vibarua kwa msimu, na nyuma yao chakula kikapanda vilevile. Mchele wa Kyela ulipata soko kubwa Lupa kabla haujapata jina mjini.

Mbeya yenyewe iliwekwa 1927, wakati rashi inaendelea, na iliishi kwa sehemu kubwa kwa kuwauzia watu wa Lupa. Kwa hiyo Chunya, ambayo leo inaonekana kama kitongoji cha mbali cha Mbeya, ni moja ya sababu za jiji lile kuwepo.

---

Kifusi_Mzee

Nachukua pale mlipoachia, baada ya makampuni kuondoka. Watu hudhani palilala. Hapakulala. Kila bei ilipopanda, hasa baada ya 1971 na kilele cha dola 850 Januari 1980, watu walirudi kwenye mashimo yaleyale kwa nyundo na tindo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilikuwa inanunua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na hilo liliamsha maeneo mengi: Makongolosi, Matundasi, Itumbi, Saza.

Mfumo ulivyojijenga: mwenye leseni hana haja ya kuchimba. Anakaribisha wenye maduara (mashimo ya kuchimbia), mwenye duara anaweka matimba (magogo ya kushikilia kuta), winchi, chakula, anaajiri vijana. Jiwe likitoka linagawanywa kwa mifuko pale juu ya shimo, kabla ya kusagwa. Hapa ndipo penye ujanja wa historia nzima. Kila mmoja anabeba mifuko yake karashani (kwenye mashine ya kusagia), analipia kusaga, anaosha kwenye mwalo (ubao wa kuoshea), anachukua dhahabu yake. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yanabaki kwa mwenye karasha na mwalo. Huo ni utaratibu uliozoeleka, na hakuna aliyeulalamikia sana mwanzoni kwa sababu yalionekana takataka.

Tupige hesabu. Karasha la ngoma na mipira ya chuma linasaga kavu, na kinachotoka ni mchanganyiko wa unga na punje. Kwenye mwalo unga unapita juu ya ubao ulioinama uliotandikwa magunia au mablanketi, dhahabu nzito inanasa kwenye nyuzi, kisha blanketi linakamuliwa kwenye beseni na zebaki inaingia. Ukipata theluthi moja ya dhahabu iliyokuwemo, au tuseme asilimia 30 hadi 40, hujafanya vibaya kwa njia hiyo. Iliyobaki imo ndani ya punje ambazo hazikusagwa vya kutosha, imo kwenye pairaiti, au ni laini mno imepita na maji. Mwamba wa gramu 10 kwa tani unaacha marudio ya gramu 6. Kuna migodi mikubwa duniani ingeshangilia namba hiyo.

Aliyeligundua hilo mapema alijenga matanki.

Tanki la saruji, chini kuna kichujio: kokoto, juu yake magunia, na bomba la kutolea maji. Marudio yanajazwa yakiwa yamechanganywa na chokaa. Chokaa si nakshi. Sayanaidi inatakiwa ikae kwenye maji yenye pH (kipimo cha uchachu) 10.5 kwenda juu. Ikishuka chini ya hapo inageuka gesi, na gesi hiyo inaua mtu akiwa amesimama. Maji yenye sayanaidi, kama gramu 0.5 hadi 1 kwa lita, yanapitishwa taratibu kwa siku kadhaa mpaka wiki na zaidi, yakitoka yanapita kwenye ndoo au mapipa ya kaboni, dhahabu inashikwa na kaboni, maji yanarudishwa juu. Kaboni inakwenda kwenye mtambo wa elusheni, yaani wa kuitoa dhahabu kwenye kaboni, inavuliwa, inayeyushwa na boraksi.

Kinachoharibika mara nyingi ni udongo wa mfinyanzi. Ukiingia mwingi, maji hayapenyi, yanatafuta njia moja pembeni ya ukuta na kuliacha tanki lote likavu katikati. Mwenye tanki anaona maji yanatoka anadhani kazi inakwenda. Dawa ni kuchanganya marudio na saruji kidogo na maji mpaka yaumane vidonge, yaanikwe, ndipo yajazwe. Wengine wanachanganya na mchanga wa punje kubwa. Kinachofuata kwa kuharibu ni shaba: mwamba wenye rangi ya kijani unakula sayanaidi yote kabla dhahabu haijaguswa.

---

Jiwe_la_Bluu

Mzee Kifusi, umeruka moja ambalo ni la hatari. Marudio ya mialoni yana zebaki iliyodondoka. Sayanaidi huyeyusha na zebaki pia, inapanda kwenye kaboni pamoja na dhahabu. Kwa hiyo moshi wa zebaki unatokea mara mbili: kwanza mwaloni, pili kwenye chumba cha elusheni na kuyeyushia, ambako mtu haitarajii kabisa. Na maji yanayobaki, yenye zebaki iliyofungwa na sayanaidi, husafiri mbali kuliko zebaki peke yake. Njia sahihi ni kutotia zebaki kwenye jiwe zima wala kwenye marudio yatakayokwenda tangini.

Na kwa anayetumia bado: donge lililokamuliwa kwenye kitambaa huwa karibu nusu dhahabu na nusu zebaki. Ukilichoma kwenye kopo wazi, nusu hiyo inakwenda mapafuni, na sehemu inarudi kwenye paa la nyumba. Chungu cha kufunikwa chenye bomba linalopita kwenye maji hurudisha sehemu kubwa ya zebaki. Mdomo wa bomba usizame ndani ya maji, ukaribie tu uso wake au ufungwe kitambaa kilicholowa. Ukizama, chungu kikipoa kinafyonza maji juu na kupasuka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, 2020, kwa hiyo mwelekeo wa sheria ni kuiondoa kabisa.

---

Mto_Mkavu

Shukrani. Kwa hiyo mnaona mnyororo: kokoto za upepo zikaoshwa tena, jiwe la kutu likaisha watu wakarudi kwa la bluu, marudio ya mialo yakaingia tangini. Na sehemu ya mwisho ni hii: mikanda ambayo miaka ya 1950 haikulipa, leo inalipa kwa mtambo mkubwa. New Luika ilianza kuzalisha 2012, kwenye eneo ambalo wakati ule lilikuwa Wilaya ya Chunya. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa 2016, upande huo, pamoja na Saza na Mkwajuni, ukawa Wilaya ya Songwe. Atakayesoma ripoti za zamani azingatie: "Chunya" ya 1950 ni kubwa zaidi ya Chunya ya ramani ya leo.

---

Karani_wa_Mizani

Ongeza 2019, masoko ya madini. Kabla ya hapo dhahabu ilikwenda kwa dalali wa porini, ambaye mara nyingi ndiye aliyekopesha chakula na baruti, kwa hiyo bei alipanga yeye. Sokoni mzigo unapimwa uzito na usafi mbele ya muuzaji, bei ya siku imebandikwa, na masoko yalipoanza Serikali ilichukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Mkopeshaji hajaondoka, lakini sasa muuzaji anajua anakatwa kiasi gani.

Leseni ndogo ni ya Mtanzania tu, inadumu miaka 7, na kwa dhahabu haizidi hekta 10. Ugomvi mwingi wa Lupa si wa dhahabu, ni wa mipaka ya hekta hizo kumi juu ya mashimo ya zamani.

---

Lwanjilo_Kwetu

Wakuu, nina swali la vitendo. Kuna ripoti za zamani za Idara ya Jiolojia pale Dodoma zinataja mikanda ya Lupa, lakini vipimo vyake havieleweki: "8 dwt over 18 inches". Inasomwaje?

---

Jiwe_la_Bluu

Idara ile ipo Dodoma tangu 1925, leo ni GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania), na hifadhi yake ni hazina kuliko hiyo inayosemekana alizika Mjerumani. Tafsiri ni hii.

Dwt ni peniweti, sehemu ya 20 ya aunsi, gramu 1.555. Ilikuwa ikiandikwa kwa tani fupi ya kilo 907. Kwa hiyo dwt 1 kwa tani fupi ni gramu 1.71 kwa tani ya leo. Hizo 8 ni gramu 13.7. Angalia kwanza ukurasa wa mbele ripoti inatumia tani gani. Ikiwa ni tani ndefu ya kilo 1,016, dwt 1 ni gramu 1.53 tu.

Inchi 18 ni sentimita 46. Hapo ndipo watu wanapoumia. Gramu 13.7 ni za mkanda wenyewe, na mtu hawezi kufanya kazi kwenye upana wa sentimita 46. Ukichimba upana wa mita 1 unabeba na mwamba mtupu, kwa hiyo 13.7 mara 0.46, unabaki na gramu 6.3. Mita 1.2, gramu 5.2. Na kwa mwalo wa kawaida utakayoishika ni gramu 2.

---

Kifusi_Mzee

Na uangalie tarehe ya ripoti na ramani ya chini ya ardhi kabla ya kushusha mtu. Sehemu nono zilizoandikwa mwaka ule pengine zilichimbwa miaka iliyofuata, na kilichobaki ni tupu lililojaa maji. Duara jipya likitoboa ukuta wa shimo la zamani, maji yanaingia kwa mkupuo mmoja. Dalili zake ni jiwe linaloanza kutoa jasho, maji ya kutu kwenye ufa, na sauti ya nyundo inayobadilika kuwa ya debe. Ukisikia hiyo sauti, toboa tundu refu jembamba mbele, mita 3 au zaidi, kabla ya kila hatua ya kusonga. Hewa nayo ipimwe kwa kifaa. Mshumaa haukuambii habari ya gesi yenye sumu, unakuambia tu kwamba oksijeni imepungua, na mara nyingine unakuambia umechelewa.

---

Lwanjilo_Kwetu

Nimeelewa. Ripoti ni ya 1938, mkanda uko kilomita chache kutoka Saza.

---

Karani_wa_Mizani

1938, basi Saza ilikuwa haijaanza. Tafuta ripoti za 1950 hadi 1956 za eneo hilohilo ulinganishe, na uangalie kama uzalishaji umeandikwa kwa dhahabu safi au kwa mkuo, yaani donge lililoyeyushwa, uliotoka tanuruni. Mkuo huwa na fedha ndani yake, na namba hizo mbili hazijumlishwi pamoja.